Beseni Tupu la Mkurugenzi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, binti wa kinyozi alitembelea bustani yake huku mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Alitembea polepole, akiinama hapa, akinusa pale, akilikunjia uso jani lililojipinda kana kwamba limechelewa kazini. Siku ya kwanza baba yake alipomwona hivyo, mswaki ukiwa mdomoni, alicheka nusura aumeze. Akasema mkurugenzi amekuja kukagua kiwanda. Jina likamganda. Nyumbani na mtaani, wakubwa kwa wadogo, wote wakamwita Mkurugenzi, na yeye akaitika bila aibu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kipande chembamba cha uwanja, kati ya ukuta wa jiko na kamba ya kuanikia nguo. Vyombo vyake vilikuwa madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa katikati, mabeseni yaliyotoboka, na sinki la zamani ambalo mjomba wake aliliokota kwenye nyumba aliyokuwa akiipaka rangi. Humo ndani ilisitawi saladi: majani mapana, ya kijani kibichi, yenye kingo zilizojikunja kama pindo za magauni aliyoshona mama yake barazani kwa cherehani.

Ukidhani mtoto wa miaka kumi na miwili aliamka tu siku moja akapenda kilimo, umekosea. Mambo yote yalianzia kwenye sahani.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, mama alikuwa amemaliza kushona sare za shule nzima. Vidole vyake vilijaa alama za sindano, na alipokata uzi wa mwisho alitangaza kwamba siku hiyo sufuria zake zipumzike, wanakwenda kula nje. Baba alivaa shati lake la harusi. Mjomba, ndugu mdogo wa mama, alisugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka ikawa myekundu, lakini rangi ya samawati iligoma kutoka chini ya kucha. Wakaenda wote wanne kwenye mgahawa ulioko kwenye kona ya barabara yao, wakakaa wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Walisubiri sana. Chakula kilipofika, kuku wa kuoka alikuwa mtamu na wali ulichambuka vizuri. Shida ilikuwa saladi iliyowekwa pembeni ya sahani. Ilikuwa imelala pale kama kitambaa cha kufutia meza.

Mhudumu, kijana mcheshi, akaja kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Wakubwa wakasema kiko sawa, maana ndivyo wakubwa wanavyosema hata wakiwa wanatafuna kitambaa. Binti akasema chakula ni kizuri sana, ila majani haya yamelala. Mama alirusha teke chini ya meza ili amnyamazishe. Teke likamkosa binti, likampata mjomba, ambaye hakuwa amesema neno.

Mhudumu aliyabeba maneno yale yalivyo mpaka jikoni. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi mkuu, mama wa makamo, mwili umejaa, aproni nyeupe. Wote waliowahi kumenya kitunguu mbele yake walimwita Jenerali.

"Nani amesema majani yangu yamelala?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Jenerali aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua kama atasamehe. Akachukua jani moja sahanini, akaliinua juu kwa vidole viwili. Jani likaning'inia. Akalitazama kwa muda.

"Yamelala kweli," akasema. "Yanatoka mbali, yanafika yamechoka. Haya, mwanangu, wewe niletee yaliyo macho."

Alisema kwa utani, kisha akarudi jikoni kwake. Lakini kuna watoto ambao ukiwatania, wao huuchukua utani kama kazi ya nyumbani.

Mbegu za kwanza Mkurugenzi alizimwagilia asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Zikaoza. Za pili zilichipuka vizuri mno, kuku wa jirani wakaja, wakala, wakafuta midomo yao kwenye udongo wakaondoka. Za tatu ziliungua jua. Kila mara mjomba alipita na kuuliza kama kiwanda kimefungwa na wafanyakazi wamekwenda likizo. Lakini kila mara, baada ya kumaliza kucheka, alirudi na kitu mkononi: chandarua chakavu cha kuzuia kuku, magunia ya kukinga jua, na mwishowe lile sinki. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mdomo wake ulikuwa wa kuchokoza, mikono yake ya kusaidia.

Safari ya nne saladi ikakubali. Mkurugenzi akajaza beseni, akalifunika kwa kitambaa kibichi, akalipeleka mgahawani kwa mlango wa nyuma. Jenerali akachukua jani, akaling'ata. Jani likalia kwa mlio uliosikika mpaka kwa aliyekuwa anaosha vyombo. Jenerali akatafuna mpaka mwisho, akameza, kisha akauliza jambo moja tu: mengine yako wapi?

Ndipo ikapangwa kazi kubwa. Jumamosi ya wiki iliyofuata, watu wa zahanati wangekuja mgahawani kumuaga muuguzi wao mkuu, mama aliyekuwa amechoma sindano karibu nusu ya mtaa na sasa anastaafu. Jenerali alitaka saladi ya kutosha meza zote. Zaidi ya hapo, kwenye ubao ulio mlangoni, ule unaoandikwa vyakula vya siku, angeandika Saladi ya Mkurugenzi. Na kama wageni wangeridhika, maandishi yale yangebaki pale kila wiki.

Habari hiyo haikukaa nyumbani hata usiku mmoja. Baba ni kinyozi, na mtu anayenyolewa hana pa kukimbilia. Kila kichwa kilichoingia kwenye kiti chake wiki ile kilitoka na nywele pungufu na habari za saladi. Mama alikata kitambaa cha maua madogo, akaanza kumshonea binti gauni la Jumamosi. Mkurugenzi mwenyewe, akipita mbele ya ule ubao akienda shule, alipunguza mwendo, akautazama kwa jicho la pembeni. Kuna raha katika kuona mahali ambapo jina lako litaandikwa.

Katikati ya wiki, akiwa kwenye ukaguzi, aligeuza jani moja akakuta wadudu wadogo wa kijani wamejipanga chini yake, wananyonya. Hakushtuka sana. Alishajifunza dawa yake: maji yenye sabuni kidogo, kidole kifute jani moja baada ya jingine, halafu maji safi. Ni kazi ya polepole. Ijumaa asubuhi alikwenda shule akiwa amefuta nusu tu ya bustani, na njia nzima alikuwa anahesabu kichwani saa za jioni kama zitatosha.

Aliporudi alimkuta mjomba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na sinki, kama mtu anayesubiri kuvishwa medali. Siku hiyo hakuwa na nyumba ya kupaka.

"Kagua, Mkurugenzi," akasema.

Mkurugenzi akageuza jani la kwanza. Safi. La pili, la tatu, safi. Hakuna mdudu hata mmoja. Saladi ilikuwa inameremeta kama imepakwa mafuta. Moyo wake ulijaa, akataka kumrukia mjomba shingoni. Lakini alipoinama kuokota jani lililoanguka, akaona sisimizi. Kila siku walikuwa wakipita chini ya ukuta ule kwa mstari, wakienda na shughuli zao. Leo mstari ulikuwepo, ila haukuwa unatembea. Walikuwa wamekufa wote pale pale walipokuwa. Panzi mmoja alikuwa kando yao, miguu juu.

Akauliza bustani imepuliziwa nini. Mjomba akajibu kwa furaha kwamba ni maji na sabuni, vile vile anavyofanya yeye, ila kwa kidole chake angemaliza mwakani, kwa hiyo akatumia bomba.

"Bomba lipi, mjomba?"

Lilikuwa moja tu. Lile la kubeba mgongoni, ambalo mjomba hulitumia kupulizia mbao za paa dawa ya mchwa kabla ya kupaka rangi. Mjomba akasema amelisuuza. Mara ya kwanza alilisema hilo kwa sauti kubwa. Mara ya pili sauti ikapungua. Mkurugenzi akafungua kifuniko cha bomba, akainama. Hakuhitaji hata kusogeza pua karibu. Ni harufu ile ile kali iliyomfanya mama aamue nguo za kazi za mjomba zianikwe mbali na za wengine.

Mjomba akasimama. Sasa hakuwa anatabasamu. Akasema basi, wasijitie wasiwasi, wayaoshe majani kwa maji mengi, na kule jikoni yataoshwa tena. Kitu kikioshwa kinatoka. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali, na Mkurugenzi akazitazama kucha zake. Rangi ya nyumba ya mwezi uliopita ilikuwa bado ipo.

Hata hivyo alitaka sana kuamini. Alikata jani moja, akaliosha kwenye bomba la maji, akarudia, akarudia tena mpaka vidole vikawa baridi. Likawa jani zuri kuliko yote aliyowahi kuotesha. Akajaribu kulipeleka mdomoni mwake, mkono ukagoma. Akamnyooshea mjomba.

"Basi wewe kwanza, mjomba."

Mjomba alilipokea. Akalitazama upande huu, akalitazama upande ule. Akafungua mdomo, jani likafika karibu kabisa na meno. Kisha mkono wake ukashuka wenyewe.

"Hapana," akasema kwa sauti ndogo.

"Na muuguzi je?"

Mjomba akakaa tena juu ya ndoo, safari hii kama mtu aliyevuliwa ile medali.

Mkurugenzi alisimama katikati ya kiwanda chake. Akafikiria ubao. Akafikiria gauni la maua madogo lililokuwa limebakiza vifungo tu, na vichwa vyote vilivyokaa kwenye kiti cha baba. Majani yalikuwa mazuri, na hakuna macho ya mtu ambayo yangeweza kuona kilichokuwa juu yake. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kama yangekuwa yamenyauka, uamuzi ungekuwa rahisi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole hakuviamini. Kisha akachukua beseni la kupelekea saladi, likiwa tupu, akatoka nalo. Kwa nini alilibeba, hata yeye hakujua. Pengine aliona haya kwenda mikono mitupu.

Ubao ulikuwa tayari umeandikwa. Saladi ya Mkurugenzi, kwa chaki nyeupe, herufi zimenyooka, na mhudumu alikuwa amechora ua pembeni. Mkurugenzi alipita mbele yake bila kupunguza mwendo.

Jikoni, Jenerali alikuwa anakata karoti. Aliinua macho, akaliona beseni.

"Mbona tupu? Umekuja kupima meza?"

"Siwezi kukuletea, mama. Yamepuliziwa kwa bomba lililokuwa na dawa ya mchwa. Lilisuuzwa, lakini halikutakata. Ukiyaona ni mazuri sana, ila hayaliwi."

Kisu kikatulia. Jenerali akauliza maswali kwa haraka, moja nyuma ya jingine: ni yote au baadhi, kuna mtu ameonja, kuku wamefika pale, na je, yeye ameyashika? Aliposikia ameyashika, alimsogeza kwenye sinki, akampaka sabuni mpaka kwenye viwiko, akasugua kama anayesugua sufuria. Hapo ndipo aliposema, akiwa bado ameshika mikono ya mtoto chini ya maji:

"Ungeyaleta, ningeyaosha, ningeyapanga sahanini, ningeyapeleka. Nisingejua kitu."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Mkurugenzi.

Jenerali akafunga bomba la maji, akachukua kitambaa, akaenda mlangoni, akafuta ubao. Alifuta maandishi, akafuta na ua. Hakugomba, hakusifu. Mkurugenzi alikuwa amejiandaa kugombezwa. Ule ukimya hakuwa amejiandaa nao, akarudi nyumbani akiwa amelikumbatia beseni lake kifuani.

Mama aliposikia, alisimamisha cherehani. Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa amekaa kizingitini na kichwa chini, akamtazama binti, kisha akakaza uzi na kuendelea kushona vifungo. Akasema gauni litamalizika kama lilivyopangwa, kwa sababu aliyeshonewa bado yupo na hajapungua kitu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya baba. Mdomo uliotangaza ndio uliotakiwa kueleza. Jumamosi asubuhi kichwa cha kwanza kilipokaa kitini, baba alianza kusimulia akiwa amenywea kidogo. Kichwa cha pili akawa amenyooka. Kufikia mchana alikuwa anasimulia kwa madaha, mkasi juu, na watu waliokwisha kunyolewa hawaondoki. Alikuwa amegundua jambo. Ile ya kwanza ilikuwa habari ya mboga tu. Hii ilikuwa habari ya mtoto wake.

Kule mgahawani wageni walikula karoti na kabichi za kupikwa. Jenerali aliwaeleza waziwazi kwa nini hakuna saladi, na ni nani aliyewaepusha nayo. Alasiri ile muuguzi mkuu alifika nyumbani kwa kinyozi akiwa bado na gauni lake la kuagwa, glavu za mpira mkononi. Alimwambia mjomba avae, maana kazi ni yake. Majani yote yang'olewe, na udongo wa kwenye vyombo pia, vitiwe kwenye mifuko na kufungwa vizuri. Kuku wasipewe, na kitu kisitupwe karibu na maji. Vyombo vyenyewe visirudi bustanini. Hata mkiyapika majani hayo, akasema muuguzi, sumu haiondoki kwa kuchemshwa. Alikwisha kuwapokea zahanati watu wengi waliosema tumeosha.

Mjomba alifanya yote kama alivyoambiwa. Jumatatu alinunua bomba jipya, akampa Mkurugenzi liwe la maji na sabuni peke yake. Lile la zamani alilipaka rangi nyekundu kutoka juu mpaka chini, akaandika SUMU kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma toka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote za mwaka ule. Alitafuta madumu mengine, akabeba udongo mpya begani bila kuombwa, na hakumtania mtu yeyote kwa siku nyingi, mpaka mama akamuuliza kama anaumwa.

Mbegu zikapandwa tena. Mkurugenzi akarudi kwenye ukaguzi wake, mikono nyuma ya mgongo, ila sasa kabla ya jani lolote kutoka uwanjani alianza kwa kula moja yeye mwenyewe, amesimama pale pale. Saladi ilipokomaa, alijaza beseni, akalipeleka mlango wa nyuma. Jenerali akaling'ata jani, likalia, akamwambia Jumamosi aje na watu wake wote. Safari hii waingie kwa mlango wa mbele.

Walipofika, ubao ulikuwa umeandikwa upya. Herufi zilikuwa kubwa mara mbili ya zile za kwanza, na maua yalikuwa mengi mpaka vyakula vingine vimebanwa chini kabisa. Saladi ya Mkurugenzi, ilisomeka, na chini yake: Iko Macho. Mkurugenzi, ndani ya gauni la maua madogo, alisoma mpaka mwisho, kisha akasoma tena. Baba alijifanya anafunga kamba ya kiatu ili watu wapate muda wa kusoma pia. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jenerali alileta sahani mwenyewe. Aliiweka katikati ya meza, akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo mhudumu alisema baadaye hajawahi kuliona.

"Majani mazuri nikitafuta nitayapata," akamwambia Mkurugenzi. "Mtu wa kuniambia haya usiwape watu, huyo sijui ningemtafuta wapi. Jioni ile sikukusifu kwa sababu nilikuwa naogopa, nawafikiria wageni wangu. Lakini ulipotoka na beseni lako tupu nilijua nimepata wa kununua kwake. Mwanangu, mtu akikaa mezani anafungua mdomo kwa kuamini tu. Hajui nani kalima, hajui nani kaosha. Usichoweza kula wewe, usimpe yeye. Na ukigundua kosa, liwe lako au la mtu wako, liseme kabla sahani haijafika mezani, hata kama jina lako limekwisha kuandikwa mlangoni. Linafutwa leo, linaandikwa kesho. Unaliona lile pale."

Mkurugenzi aliliona. Akahangaika na uma wake. Kisha akachagua jani kubwa kuliko yote, akalinyoosha ng'ambo ya meza.

"Wewe kwanza, mjomba."

Mjomba alilipokea, akalitazama upande huu na upande ule, akalitia lote mdomoni. Mlio ulisikika mpaka jikoni. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo kwa kidole chenye ukucha wa rangi ya samawati.

"Liko macho," akasema. "Limenitazama mpaka nimeona aibu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baba naye alikwisha kugeukia meza ya jirani, ambako mzee mmoja asiyemjua alikuwa anakula zake kimya, nywele zimemfunika masikio. Akamsalimu kwa heshima, akasogeza kiti karibu, akaanza kumweleza habari yote tangu mwanzo.